Yatima Aliyepakwa Rangi ya Fedha

Barua ya idara ya visima ilifika Marlett siku ya Jumatatu. Juu ya bahasha palikuwa na jina la Harlan Stroud, ambaye alikuwa na wiki tisa tangu afariki. Mjane wake, Nelda, aliifungua kwa kisu cha mkate, akaisoma amesimama jikoni, kisha akavuta kiti na kuisoma tena.

Serikali ya jimbo la Oklahoma, ilisema barua, inaziba visima vyote vya mafuta visivyo na mwenyewe. Visima hivyo huitwa yatima, kwa sababu kampuni zilizovichimba zilikufa zamani na kuviacha vikivuja malishoni. Mahali ulipokuwa mji wa Brannock pameonekana bomba moja lililosimama, nalo limeorodheshwa kuwa yatima namba mia nne na kumi na mbili. Alhamisi ya wiki inayofuata mafundi watakuja kulijaza saruji, kulikata na kulifukia. Kwa kuwa Bwana Stroud ndiye anayeandika historia ya Brannock, anaombwa atume maelezo yoyote aliyonayo.

Nelda alilijua bomba lile. Halikuwa kisima. Lilikuwa alama ya kaburi.

Juu ya friji palikuwa na kisanduku cha mbao chenye majivu ya Harlan. Aliomba jambo moja tu kabla ya kufa: azikwe kando ya Iva, dada yake, aliyeishi wiki tano mwaka 1929 na kuzikwa Brannock. Iva alikufa miaka tisa kabla Harlan hajazaliwa, lakini Harlan alimtaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyehamia jimbo la mbali. Burl Teague, mwenye malisho, alikwisha kukubali. Nelda alikuwa akingoja Siku ya Kupamba Makaburi, mwisho wa Mei, ili amchukue mumewe ampeleke.

Sasa wangekuja watu na mashine siku nne kabla yake.

Brannock ilikuwa mji kwa miaka minane. Mafuta yalipofumka mwaka 1926 walijaa watu elfu tisa katika shamba la mtama. Mafuta yalipopungua, watu waliinua nyumba zao kwa jeki, wakazipakia kwenye malori, wakaondoka nazo kufuata mafuta mahali pengine. Pakabaki mawe ya misingi na nyasi. Harlan, aliyefanya kazi ya kuangalia pampu za mafuta maisha yake yote, alitumia miaka ishirini ya mwisho kuukusanya mji huo kwenye makaratasi. Alikuwa na maboksi kumi na manne. Alijua mji ulikuwa na vinyozi wanne, mikate iliokwa wapi, kilichoungua kilikuwa nini na nani alilaumiwa.

Kuhusu Iva alikuwa na kumbukumbu moja tu. Akiwa na miaka mitano, mama yake, Lutie, alimpeleka malishoni na kumwonyesha chuma kilichosimama ardhini, akakifuta vumbi kwa aproni. Mwaka uliofuata Lutie alikufa. Baba yake, Orval, hakurudi tena Brannock wala hakuitaja. Harlan alirudi mwenyewe akiwa kijana mwaka 1960, akatafuta chuma kilichosimama, akakiona: bomba la inchi nane, limezibwa juu kwa kifuniko cha kuchomelea, lafika kifuani. Tangu hapo kila mwisho wa Mei alikwenda na kopo la rangi ya fedha na brashi, akalipaka. Nelda alizoea kukaa kwenye pikapu na kikapu cha sandwichi akimngoja amalize.

Jumanne aliteremka kwenye chumba cha chini cha mahakama ya wilaya, ambako alifanya kazi ya ukarani miaka thelathini na moja. Funguo walikuwa bado wanamwachia. Alifungua rejista za visima vya Brannock, kila kimoja na namba yake, kina chake na udongo uliopatikana kila futi. Alilinganisha rejista na ramani ya shamba. Siku mbili alipita mstari kwa mstari na rula. Mahali penye bomba la fedha hapakuandikwa kisima chochote. Alipiga nakala za kurasa sita, akazipigia mhuri mwenyewe kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hana tena mamlaka hayo, akapiga nakala nyingine.

Ijumaa asubuhi alikutana na mkaguzi malishoni. Aliitwa Leland Harjo, mtu mnene wa makamo, mwenye sauti ya chini.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Barua niliandika mimi. Sikujua mzee hatunaye."

"Tumeshapoa. Soma hizi."

Leland alisoma kurasa zote sita akiwa ameegemea gari lake. Hakuharakisha. Kisha akalitazama bomba, lililokuwa liking'aa kwenye jua la asubuhi.

"Nimekagua visima yatima mia tatu na kitu," alisema. "Vina kutu, vina nyoka, kimoja kilikuwa na kiti cha choo juu yake. Huyu ndiye yatima aliyetunzwa kuliko wote niliowaona."

"Kwa sababu si yatima. Ni kaburi, na lina ndugu."

"Inawezekana, mama. Lakini wakati ule watu walikuwa wanachimba kwanza, kuandika baadaye. Wengine hawakuandika kabisa, wasije wakaulizwa wamechimba shamba la nani. Kukosekana kwenye rejista hakutoshi."

"Kwa hiyo nini kitatosha? Nimfukue mtoto nikuonyeshe?"

"Hapana. Nitatoboa tundu dogo kwenye kifuniko, niteremshe kamba yenye uzito. Kama ni alama ya kaburi, kamba itagota kwenye futi nne au tano. Hapo hapo nalifuta kwenye orodha, na mchezo umekwisha."

Nelda aliona ni haki. Akasogea kando.

Leland alitoboa kwa mkono, taratibu, akiweka mafuta kidogo kwenye ncha ili cheche isiruke. Chuma kilipotoboka, hewa ilitoka kwa mluzi mfupi, na harufu ikamfikia Nelda pale alipokuwa. Aliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye shati za Harlan kila jioni kwa miaka arobaini.

Kamba ya chuma ilianza kuteremka kutoka kwenye gurudumu lake. Ilipita futi tano. Ikapita kumi. Leland aliacha kumtazama. Ilipofika futi mia moja Nelda alikwenda kukaa ndani ya pikapu, upande wake wa siku zote, mlango ukiwa wazi. Kamba ilisimama kwenye futi elfu moja mia moja na arobaini.

Mkaguzi alikuja akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Pole, mama."

"Zaidi ya mara hamsini," Nelda alisema. "Zaidi ya mara hamsini amepaka rangi kisima cha mafuta."

Leland aligeuka kulitazama bomba.

"Na alikuwa mtu wa visima. Kazi yake ilikuwa visima."

"Hata mimi, bila kamba, nisingejua," Leland alisema. "Bomba lililozibwa halisemi."

Kurudi nyumbani Nelda aliendesha polepole kuliko kawaida. Alikitazama kisanduku juu ya friji, akakipa mgongo akapasha moto maharage. Angeweza kumzika palepale penye bomba, na hakuna ambaye angemlaumu. Alilifikiria hilo akila, akalifikiria tena akiosha sahani. Lakini Harlan hakuomba azikwe penye bomba. Aliomba azikwe kando ya Iva. Na kama Iva hakuwa pale, alikuwa mahali fulani katika ekari mia mbili za nyasi.

Aliyebaki hai wa kuulizwa alikuwa mmoja: Ona Mae, dada mdogo wa Orval, mwenye miaka tisini na mitatu, aliyekaa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Tulsa. Mwaka 1929 alikuwa na miaka kumi na aliishi na kaka yake Brannock. Jumamosi Nelda alioka pai ya njugu za pekani, akaenda.

Ona Mae alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, fremu yake ya kutembelea imetundikwa mkoba.

"Umekonda, mtoto wewe," alisema.

"Shangazi, nina miaka sabini na moja."

"Ndiyo maana nikakuita mtoto. Kata pai. Siyo kipande cha mgonjwa."

Nelda alikata pai, akamweleza habari yote, kuanzia barua mpaka kamba. Ona Mae alikula huku akisikiliza. Lilipotajwa bomba, uma ulisimama hewani.

"Bomba? Orval aweke bomba la kampuni? Bomba lilikuwa linalindwa kuliko binti za mchungaji. Angefukuzwa kazi kesho yake, na kaburi wangeling'oa."

"Harlan alikumbuka chuma kimesimama."

"Chuma ndiyo. Lakini siyo bomba. Kaka yangu alikuwa mfua patasi."

Nelda alilijua neno hilo kutoka kwenye maboksi ya Harlan. Siku zile walichimba kwa kuinua patasi kubwa ya chuma, nzito kuliko watu wawili, na kuidondosha, kuinua na kuidondosha, mpaka mwamba utoboke. Ilipokuwa butu, mfua patasi aliitia moto na kuipiga nyundo mpaka ipate makali tena.

"Ile iliyokwisha kabisa, ambayo haifuliki tena, hakuna aliyeitaka," Ona Mae alisema. "Orval aliomba moja. Waliibeba watu watatu kwenye toroli la nyumbu, wakaisimika. Kabla hawajaibeba aliitia moto, akaichonga jina yeye mwenyewe. Hakula siku ile. Lutie alimwekea sahani, ikaliwa na mbwa."

"Kwa nini hukumwambia Harlan?"

"Hakuniuliza. Alikuja hapa na kinasa sauti chake mara tatu. Akaniuliza soda ilikuwa bei gani na vinyozi waliitwa nani. Nikamwambia soda ilikuwa bei gani na vinyozi waliitwa nani. Kila mwaka ananiambia, shangazi, nimetoka kwa Iva. Nikamwambia vizuri, baba. Sasa mimi ningejuaje kwamba anakwenda kwa mwingine?"

Nelda alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akatafuta leso kwenye mkoba. Ona Mae alingoja mpaka alipomaliza, akasukuma sahani yake mbele apewe kipande kingine.

"Lilikuwa wapi, shangazi? Kaburi."

"Nyuma. Unatoka mlango wa nyuma wa Lutie, hatua kumi na nne moja kwa moja. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa natumwa na kopo la maji kumwagilia maua, yale ya irisi. Hatua za mtoto wa miaka kumi lakini. Siyo hizi za fremu."

"Mlango wa nyuma wa nyumba gani? Brannock hakuna nyumba hata moja."

Ona Mae aliweka uma chini.

"Wewe unaishi ndani yake," alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu wa ukoo alijua kwamba jiko na sebule za Nelda ndizo nyumba ya vyumba viwili ambayo Orval aliileta kwa lori kutoka Brannock mwaka 1934, maili kumi na moja. Chumba cha kulala na bafu Harlan aliviongeza baadaye. Ilikuwa habari ya kuchekeshea wageni. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ina kazi nyingine.

Jumapili baada ya ibada Nelda alivaa ovaroli ya Harlan, akachukua tochi na futi ya kupimia, akaingia chini ya nyumba kwa tumbo. Palikuwa na vumbi kavu, utando wa buibui na mpira wa mtoto wa jirani uliopotea zamani. Sehemu mpya ilikaa juu ya matofali ya saruji. Sehemu ya zamani nayo ilikaa juu ya matofali, lakini kwenye maboriti yake, kando ya matofali, yalionekana mabonyeo meusi yaliyotokana na mawe ya zamani. Kila bonyeo lilikuwa jiwe moja lililoachwa Brannock.

Alipima kutoka bonyeo hadi bonyeo. Orval alikuwa mfua patasi hodari, lakini seremala hakuwa. Futi sita. Futi sita na nusu. Futi nne. Futi saba. Nelda alitafuta kitu cha kuandikia, na kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli akakuta kipande cha penseli kilichotafunwa mwishoni. Alikishika kidogo. Kisha akaandika vipimo nyuma ya bahasha ya idara ya visima, akajongea akapima upande wa pili.

Jumatatu alimpigia Leland simu kumwomba chombo chake cha kutafutia chuma.

"Chombo nitakuja nacho," Leland alisema, "lakini kwa Brannock hakikufai. Ardhi yote ile ni misumari na nyaya. Kitalia kutwa."

Na kweli, siku iliyofuata kilianza kulia tangu waliposhuka garini malishoni. Leland alikizima. Nelda alifungua bahasha, wakaanza na mawe. Nyuma ya ulipokuwa mtaa mkuu misingi ilijipanga kwenye nyasi kama makaburi mafupi, nyumba baada ya nyumba. Walishika futi huku na huku. Msingi wa kwanza ulikuwa futi sita, sita, sita, sita.

"Hawa walikuwa na seremala," Leland alisema.

Wa pili haukulingana, wala wa tatu. Wa nne ulikuwa na mawe mawili tu. Waliketi wakanywa chai ya barafu kutoka kwenye chupa ya Nelda, wakaendelea. Msingi wa saba Leland aliinama akasoma: sita. Sita na nusu. Akasogeza futi. Nne. Nelda alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mguu wake juu ya jiwe la mwisho.

"Saba," alisema, kabla hajapimiwa.

Ilikuwa ajabu kusimama pale. Aliujua mpango wote. Hapa ni sinki, hapa friji yenye kisanduku juu yake, hapa meza. Alitembea kwenye nyasi mpaka penye mlango wake wa nyuma, akasimama kana kwamba anashika kitasa.

"Hatua kumi na nne," alisema. "Za mtoto wa miaka kumi."

Leland Harjo, na unene wake wote, alibana miguu, akatembea kwa hatua fupi kama kuku anayevuka barabara, akihesabu kwa sauti. Nelda hakumcheka mpaka ya tisa. Ya kumi na nne ilimwingiza kwenye kichaka. Alitenganisha matawi. Chini, kwenye kivuli, palikuwa na majani membamba marefu yaliyosimama kama visu. Hayakuwa na ua hata moja.

"Irisi," Nelda alisema. "Hazijapata jua."

Leland aliwasha chombo chake. Hakikutoa vile vilio vyake vya misumari. Kilitoa sauti moja nene, isiyokatika.

Kijito kilichopita karibu kilikuwa kimeleta udongo kwa miaka zaidi ya sabini, na patasi ilikuwa imezama mpaka karibu na kichwa. Kipande kilichobaki juu hakikuzidi kiganja, na kilikuwa na rangi ya udongo. Walichimba kwa koleo la bustani, kwa zamu. Chini kidogo ya kichwa Nelda alipapasa na kuhisi mikwaruzo, akamwaga chai iliyobaki, akafuta kwa mkono wa shati. Herufi zilikuwa tatu, kubwa, na zimekaa upande. IVA.

Kutoka pale bomba la fedha lilionekana vizuri. Leland alilipimia kwa macho.

"Yadi mia mbili," alisema. "Na kidogo."

"Usiandike hiyo popote," Nelda alisema.

Alhamisi mafundi walikuja na lori la saruji. Nelda alileta maharage na mkate wa mahindi, kwa kuwa watu walikuwa wanne na ni mbali na mji, akakaa kwenye pikapu akatazama. Walimimina saruji toka asubuhi hadi saa saba mchana. Kisha wakachimba pembeni, wakalikata bomba futi tatu chini ya ardhi, wakachomelea bamba juu ya kisima. Bomba lilipolala kwenye nyasi lilionekana fupi. Mahali lilipokwaruzwa na mashine Nelda aliona rangi imejipanga tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda la yai la bata.

"Chuma hicho kinakwenda wapi?" alimuuliza Leland.

"Ni mali ya serikali, mama. Kinauzwa chakavu, kwa uzito."

"Nahitaji futi tatu. Za juu."

Leland aliliangalia bomba, akaangalia fomu yake, akaandika. Kisha akamwita fundi wa kukata. Alipomaliza, Nelda aliomba aione fomu. Kwenye mstari wa urefu wa chuma kilichoondolewa palikuwa na namba, na mbele yake maneno: futi tatu zimeliwa na kutu.

"Bomba lenyewe halina kutu hata tone," Nelda alisema.

"Ndiyo maana sikuambatisha picha."

Jioni ile, kabla jua halijazama, alifungua boksi la tisa, lenye maandishi ya Harlan kuhusu watu waliokufa Brannock. Ukurasa wa Iva ulikuwa na mistari minne na mchoro wa bomba. Nelda alichukua kile kipande cha penseli. Hakufuta kitu. Chini yake aliandika mahali kaburi lilipo, vipimo vya mawe yote, namna ulivyopatikana mlango wa nyuma, na jina la Ona Mae kama mtu aliyetoa habari. Kisha akaongeza kwamba bomba lililochorwa hapo juu lilikuwa kisima, na kwamba Harlan Stroud alilitunza kuanzia mwaka 1960 mpaka mwaka aliopata ugonjwa.

Siku ya Kupamba Makaburi ilikuwa Jumatatu, yenye upepo. Burl Teague alikuwa amekata kile kichaka bila kuombwa. Nelda alichimba shimo mwenyewe, kwa sababu udongo ulikuwa umekwisha kulainika, akakiweka kisanduku, akafukia. Kichwani alisimika lile bomba la futi tatu, futi moja chini na mbili juu. Mchungaji alikuwa amejitolea kuja lakini Nelda alimwambia asisumbuke. Alisema maneno machache mwenyewe, mengi kuhusu jinsi pale palivyokuwa upande wa jiko lao.

Kisha alirudi kwenye pikapu akachukua kopo na brashi ya Harlan. Bomba lilikuwa limekwaruzwa na mashine. Alilipaka lote, akianzia juu kama alivyokuwa akifanya Harlan, na kuzunguka chini pale nyasi zinapogusa.

Rangi ikabaki kidogo. Nelda aliitazama patasi, iliyokuwa imesimama na jina lake tangu mikono ya Orval ilipoiacha. Alifikiri, akaiacha kama ilivyo. Kisha akagonga kifuniko cha kopo kwa mpini wa brashi, kikajifunga, akakusanya vyombo vyake, akapita kwenye nyasi penye mlango wa nyuma, akaenda nyumbani.